Jina la kwenye Kiitikio

Ukumbi mzima ulikuwa unacheza samba yangu, isipokuwa mwanamke mmoja aliyesimama karibu na jukwaa, koti lake la baridi limefungwa mpaka shingoni.

Alikuwa anasikiliza maneno.

Hakuna anayesikiliza maneno. Baa hii ya Wabrazili hapa Toronto inajua kiitikio changu tu, ndiyo maana nimethubutu kuimba kwa Kiswahili kila kitu cha mtaa wetu wa mabanda kule Dar, hata ule moto ulioyateketeza. Katika wimbo, Mama Zena anakimbia na karai lake la maandazi, anamwacha Zena ndani. Ndivyo majirani walivyonisimulia.

Mwanamke akavua koti. Mikono yake yote miwili, toka viwiko mpaka vidole, ilikuwa makovu matupu, ngozi imejikunja kama nailoni iliyopitiwa na moto.

Hilo majirani hawakunisimulia.

Kiitikio kilikuwa kinakuja. Nikampungia mpiga ngoma aache. Akadhani nataka kasi, akaongeza. Nikafumba mdomo.

Ukumbi ukaimba bila mimi, mikono juu, kwa furaha: "Mama Zena! Mama Zena!"

"Abee," akaitika, akaanza kupanda jukwaani.