Mwani wa Dawa ya Shaame

Tangu maduka ya dawa yafungwe, kila nyumba hujitengenezea dawa yake kwa mwani wa kijani wa seli moja. Mwanakheri aliufuga wake jikoni, katika chupa iliyounganishwa na skrini, ili mumewe Shaame apate insulini. Asubuhi hiyo skrini ilionyesha ribosomu, vile viwanda vidogo vya protini, zikiundwa ndani ya kiini cha seli na kurundikana humo humo badala ya kutoka kwenda kazini.

"Tokeni basi! Leo siku ya tatu!" aling'aka.

Akampigia simu fundi wa mtaa.

"Vumilia, mama, zitatoka zenyewe," fundi alijibu, kama jana na juzi.

"Mimi nitavumilia. Mgonjwa je?"

Akakata simu, akaitikisa chupa kwa hasira, jambo lililokatazwa kabisa. Ribosomu zikamiminika nje ya kiini. Saa moja baadaye skrini iliandika: Protini iko tayari. Haitambuliki.

"Imepatikana?" Shaame aliuliza kwa sauti hafifu, akikunja mkono wa shati.

Mwanakheri aliivuta protini hiyo kwa bomba la sindano, akaitazama. Ilikuwa safi, kama ya siku zote.

"Imepatikana," alisema, akaizima skrini.