Mzee Humoud Avuta Faiba

Uso wa Saadiya uliganda tena, kinywa wazi nusu, macho pembeni, kama picha ya pasipoti iliyopigwa na mtu mwenye haraka.

"Saadiya! Unanisikia?" Mzee Humoud aliitikisa simu. Akasogea dirishani, akapanda juu ya stuli, akainyanyua simu kuelekea Mnazi Mmoja, ambako yeye aliamini mtandao hutokea. Dada yake, huko Maskati, hakupepesa hata ukope. Mzee akakata simu na kuanza kujitukana.

"Ubahili huu utaniua," aliuambia ukuta. "Kariakoo nzima ina faiba, mimi nimeng'ang'ania laini ya enzi za simu za kuzungusha."

Alikuwa na haki ya kujitukana. Miezi minne mfululizo, kila Ijumaa baada ya sala, alimpigia Saadiya akiwa na neno moja moyoni, na miezi minne neno lile halikufika. Sehemu ya kosa ilikuwa yake. Badala ya kulisema, alizunguka kwanza, akaanzia mbali kabisa, kwenye kontena.

Hadithi ya kontena ilijulikana Gerezani yote kwa sababu aliisimulia mwenyewe. Ile miaka biashara ilipofunguliwa na kila mwenye vijisenti akakimbilia Dubai, Humoud naye alikwenda. Alibishana bei mpaka muuzaji akakaribia kulia, akanunua kontena zima la viatu, akarudi kifua mbele. Hakufungua hata boksi moja. Mzigo ulipofunguliwa bandarini, viatu vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alipenda kumalizia, huku akijipapasa upara.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Asichowasimulia ni kwamba mtaji ulitokana na bangili za harusi za Saadiya, sita, dhahabu tupu, alizozivua mkononi na kumpa kaka yake bila swali. Hazikurudi. Saadiya hakuzitaja hata siku moja. Kwao kaka mkubwa hakatizwi anapozungumza, wala hamwombi radhi mdogo wake. Kaka ni baba. Humoud alijificha nyuma ya desturi hiyo miaka thelathini na ushei. Sasa daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka, na aliogopa kufa kabla hajasema.

Jumatano alikuja fundi wa faiba, dada mmoja aitwaye Candida, na drili yake begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone mjinga anavyoishi."

Candida aliipima kwanza laini ya zamani, akakunja uso. "Mzee, hii mbona haina tatizo? Video inapita freshi tu. Huwa inaganda muda gani?"

"Nikifika kwenye bangili."

"Kwenye nini?"

"Katikati ya maongezi. Tunasalimiana vizuri, anacheka, ananisimulia wajukuu. Nikikaribia pale tu, kwisha."

"Palepale kila wiki? Sijawahi kuona."

"Mitambo inanijua mimi. Hata viatu vilinijua."

Candida hakuelewa, lakini alicheka. Alitoboa ukuta, akapitisha waya mwembamba, akafunga ruta mpya, huku mzee amesimama nyuma yake akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyahitaji.

"Tayari," alisema. "Sasa huyo unayempigia ataona mpaka vinyweleo vyako."

"Atavimaliza kuvihesabu mapema."

Ijumaa Mzee Humoud alitoka msikitini bila kusimama kupiga soga na mtu. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akapumzika mara mbili njiani, akaketi mezani na kuiegemeza simu kwenye jagi la maji. Alikuwa na woga kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Saadiya alitokea, na safari hii aling'aa. Mpaka nyuzi za mtandio wake zilionekana.

"Yallah, kaka! Umezeeka hivyo?"

"Faiba hiyo. Ningejua ningebaki na laini ile ile."

Wakacheka wote. Wakaulizana hali, wakaulizana wajukuu, wakawaombea wazazi rehema. Kisha Humoud akaanza kontena. Saadiya alicheka palepale alipocheka siku zote, kwa muuzaji aliyekaribia kulia, halafu kwenye boksi la kwanza. Picha haikukwama hata kidogo. Mzee akaisogelea simu.

"Sasa, Saadiya. Zile bangili zako..."

Uso uliganda. Kinywa wazi nusu, macho pembeni.

Safari hii Humoud hakuitikisa simu wala hakupanda stuli. Alikaa tu akiutazama ule uso, amechoka.

"Basi hata faiba," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemsikia, ulimi ukawa mwepesi. "Nilizila bangili zako, Saadiya. Nimewachekesha watu kwa viatu miaka yote hii ili nisikutaje wewe. Naona aibu, wallahi. Nisamehe, mdogo wangu."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe chekundu alipoliona pazia nyuma ya Saadiya likipepea. Uso wenyewe haukutikisika. Chozi tu ndilo lililoteremka, taratibu, mpaka kidevuni.