Mtaka cha Mvunguni

Mshonaji alijibanza nyuma ya nguzo ya umeme, ingawa nguzo ilikuwa nyembamba na yeye hakuwa. Mbele yake, hatua sitini hivi, mumewe alikuwa anakimbia. Tuseme anakimbia, kwa kuwa tumekosa neno jingine. Mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani alimpita, akamsalimu, akaendelea na safari yake.

Mume huyo alikuwa fundi saa wa miaka hamsini na minne, na tangu waoane hakuwahi kukimbia. Hata mvua ilimkuta akitembea. Sasa, wiki nzima, kila asubuhi alijipaka manukato, akavaa fulana mpya, akatoka. Viatu vyake vya mbio alivihifadhi kwenye mfuko mweusi, akavisukuma mvunguni mwa kitanda, upande wa ukutani. Mkewe aliapa kutovigusa wala kuvitazama. Viatu vya kumpeleka mtu kwa mwanamke mwingine, aviguse kwa mkono gani?

"Manukato ya kukimbilia?" alikuwa amemuuliza siku ya kwanza.

"Mtu akitoka awe nadhifu," fundi saa alijibu, akafunga mlango taratibu.

Alirudi baada ya nusu saa na fulana kavu kabisa. Mshonaji aliipapasa mgongoni, kwapani, kila mahali, asipate hata tone la jasho. Akapeleka kilio chake kwa dada yake mkubwa, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mdogo wangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mfuate."

Kuinama kwenyewe kulikuwa mtihani. Miaka mingi ya kukaa kwenye cherehani ilikuwa imemnenepesha, kiasi kwamba sindano ikidondoka humwita mumewe aiokote. Lakini wivu nao una nguvu zake. Alijifunika mtandio, akavaa raba kuukuu za binti yao aliyeolewa, na ndipo akajikuta asubuhi hiyo nyuma ya nguzo.

Wiki ya kwanza alitembea tu, huku akihema. Mumewe alifika kwenye mashine ya kusaga, akapinda kushoto, akarudi kwa barabara ya nyuma. Hakuingia nyumba ya mtu. Mshonaji alikata kichochoroni, akawahi kubandika chai.

Wiki ya tatu mumewe alifika kwenye tangi la maji. Wiki ya sita, darajani. Kila safari ilirefuka kidogo, na mshonaji alijua maana yake: mwanamke huyo anakaa mbali, na mzee anajipa moyo kidogo kidogo. Ikambidi naye akimbie, maana kwa kutembea angempoteza. Alikimbia kama anavyoshona pindo refu, bila haraka, macho mbele.

Hata hivyo bahati ilikuwa upande wake. Kila pumzi zilipomkatika akasimama ameshika kiuno, kamba ya kiatu cha mumewe nayo ilikuwa imelegea. Fundi saa aliinama akaifunga kwa utulivu, kama mtu asiye na shughuli siku nzima. Pumzi zilipomrudia mshonaji, kamba nayo ilikuwa imekaa sawa. Wala mzee hakugeuka nyuma hata mara moja.

"Mungu hamtupi mja wake," mshonaji alijisemea.

Mwezi wa tatu siku yake ya kliniki ilifika. Daktari alimpima sukari, akampima tena, akalitazama daftari.

"Mama, imeshuka. Umefanyaje? Mara ya mwisho nilikusihi ukimbie, hata mbio za kobe, ukaniuliza umeiba nini."

"Hata sasa mimi sikimbii. Namfuatilia mume wangu nimfumanie."

"Yule aliyekusindikiza siku ile?"

"Huyo huyo. Kila asubuhi."

Daktari alikohoa, akaandika kitu daftarini. "Basi mama, usimfumanie upesi."

Walicheka wote wawili, lakini njiani kicheko kilimwisha. Asubuhi ile, huku akijipaka manukato, mumewe alikuwa amesema kwamba kesho atapandisha mpaka kilimani. Kilimani! Kwenye nyumba za mageti na maua. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, halafu mtu anakuacha mbele ya macho yako, tena kwa mwendo wa kobe, nawe kazi yako ni kuhesabu nguzo za umeme. Alimpenda yule mzee, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa hata kufungulia nao pakiti ya majani ya chai, akaingia chumbani. Angezikatakata kamba zile vipande vipande, tuone kesho mtu atafunga nini. Alipiga magoti, akainama, akanyoosha mkono mpaka ukutani bila kumwita mtu, akautoa mfuko mweusi.

Alivigeuza viatu huku na huku, mkasi ukiwa wazi mkononi. Vilikuwa vya kuchomeka mguu tu. Havikuwa na kamba, wala tundu la kupitishia kamba.