Sahani ya Tatu

Theluji iliziba mbingu siku nzima. Nyota ya kwanza, ambayo kwa desturi husubiriwa kabla ya kula, haikuonekana, kwa hiyo tuliketi mezani giza lilipoingia. Mke wangu alikuwa ameweka sahani ya tatu, kama kila nyumba ya kwetu iwekavyo mkesha wa Krismasi, kwa mgeni yeyote atakayebisha hodi. Ila kando yake aliweka kikombe cha Witek, kile kilichovunjika mkono. Witek, mwanetu, tulimzika mwezi wa tatu.

Mke wangu akainama, akakipuliza kiti kitupu mbele ya sahani ile, kama walivyofanya wazee wetu, mtu asije akaikalia roho ya marehemu.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa dereva wa lori, theluji imemgandia kwenye kope. "Samahani mama, gari limenasa kule msituni. Naomba niote moto kidogo tu." Akaiona sahani, akacheka kwa midomo iliyokufa ganzi. "Kumbe mlikuwa mnanisubiri mimi!" Akaanza kuvua glavu.

"Kiti kina mwenyewe," mke wangu akasema.

Mgeni akakitazama kiti kitupu, kisha akanitazama mimi. Akaivaa tena glavu yake, kidole kwa kidole, akatoka.

"Mama Witek, hapa na kwa jirani ni mbali. Atakufa huyo," nikasema.

Nikainuka nimwite. Mke wangu akanishika mkono wa shati.

"Ukimrudisha, mwanao akae wapi?"

Nje hatua zilikwaruza theluji, zikafifia. Nikakaa.

Mke wangu akachota supu ya bitiruti, akaimimina kwenye sahani ya tatu, akaanza kuipuliza, isimuunguze.