Vidole vya Zamoyoni

Zamoyoni alimkalisha bintiye Riziki katikati ya magoti, akagawa nywele njia ya kwanza. Papo hapo bangili ya kampuni ikamuunguza mkono.

"Acha, mama! Nitaolewaje kesho na wewe uko lupango?"

Mkurugenzi Badi, yule yule aliyewanyima wasusi wake, Zamoyoni akiwemo, hata viti kwa miaka ishirini, aliwavisha glovu akidai ni za kuwapunguzia uchovu. Kumbe glovu zilikuwa zinajifunza mikono yao. Zilipohitimu, mashine zikashika kazi, wasusi wakatimuliwa, na sheria ikatamka kwamba ususi ulionakiliwa ni mali ya kampuni, mpaka majumbani; kila msusi akafungwa bangili ya kumchunga asisuke. Magazeti yakamwita kiongozi mwenye maono. Maono gani, mwizi mkubwa yule!

Riziki akaenda kusukwa na mashine. Alirudi adhuhuri, kapendeza.

"Imekuumiza?"

"Wala. Nilipotikisika ilinifinya sikio, kama wewe. Halafu ikanipapasa kisogoni, nikasinzia kabisa."

"Na wateja wengine? Inawapapasa hivyo hivyo?"

"Wote, mama. Foleni imefika barabarani."