Kioo cha Bei Poa

Fundi Shebe alikuwa akiunda kifaa cha kurekebishia injini, na mfuko haukumruhusu kununua kioo kipya cha kuonyeshea namba. Bi Mwanaidi, muuza vifaa chakavu, akamtolea kimoja cheusi chenye kitufe cha kuzungusha.

"Chukua hiki, mwanangu. Hata vidole vya grisi hakivikatai."

Shebe akakiunganisha na betri tu. Namba ikawaka: themanini.

"Mama, kinasoma injini gani? Hapa hakuna hata moja."

Bi Mwanaidi akatazama pembeni.

Shebe akazungusha kitufe kulia. Namba ikapanda, na moyo wake ukaenda mbio. Akarudisha kushoto. Sitini. Hamsini. Moyo nao ukapunguza mwendo. Raha ikamwingia; fundi husifiwa kwa injini iliyotulia.

"Basi, inatosha," Bi Mwanaidi akanong'ona.

Shebe akakiachia. Kitufe kikaendelea kuzunguka chenyewe kushoto, taratibu, na namba ikazidi kushuka.