Gitare ya Pili

Hii habari alinielezaka Nkandu mwenyewe, siku ya matanga ya mama yake, tukichambua mboga ya kalembula nyuma ya nyumba.

"Tena gitare moja tu! Floribert amenifanya mujinga!"

Nkandu alikuwa anafunga nguo zake ndani ya kitenge. Hakugeuka. Kila magaribi ilikuwa wimbo ule ule. Bwana yake, Mwaba, akirudi mugodini kwenye alikuwa analipusha baruti, ananawa, anavaa kaske ya masikio, anaweka ile disque. Mudogo wake Floribert ndiye aliileta toka Ulaya: kundi la bazungu ba rock, lenye kusifiwa kwa magitare mbili yenye kujibizana. Lakini disque hii yao batu habakuijua, hata redio haikuipigaka.

"Itapigwa namna gani?" Mwaba alinung'unika. "Kwenye picha wako wawili. Ndani anapiga mumoja. Mwenzake alilala?"

Nkandu akauma meno. Juu ya gitare, huyu mutu anasema mpaka mate inakauka. Juu ya bibi yake, kimya. Muchana, uso kwa uso, walizungumuza vizuri. Kitandani Mwaba alilala upande wa mulango, uso kwa mulango, sawa mwanaume anavyolala, mwizi amukute yeye kwanza. Nkandu, kwenye ukuta, alizungumuza na mugongo. Jana aliuambia: "Baba Kunda, kesho narudia kwa mama, kule Kasenga. Sema neno moja tu, nitabakia."

Mugongo haukujibu.

"Lete hiyo kitu!" Akaivaa kaske. Magitare yalikuwa mawili, moja kila sikio, yanagombana sawa bamama kwenye robine ya maji.

"Iko mbili, wee mutu!" Akamurudishia kichwani kwa hasira, upande wa kuume ukaenda kushoto.

Mwaba akatoa macho. "Eh! Ya pili, hii hapa!" Kiisha akakunja uso. "Lakini ile ya kwanza imeenda wapi?"

Nkandu akamuangalia sana. Akakaa juu ya kifurushi chake.

Siku ile alilala yeye kwenye mulango, akamugeuza Mwaba uso kwa ukuta, lile sikio lenye kusikia likabakia juu.

"Baba Kunda," aliita polepole nyuma yake.

"Eeh, mama," Mwaba akaitika palepale. "Kumbe leo umenisemesha! Tangu tuoane nilikuwa najiuliza: huyu bibi, kitandani ananinunia nini?"

Walizungumuza mpaka Mwaba akakoroma. Kiisha Nkandu naye akalala, kile kifurushi chini ya kichwa.